Gramu Arobaini

Mizani yangu ilidanganya gramu arobaini.
Sikujua. Springi imechoka kama mimi,
imebeba dagaa wa Mwaloni miaka tisa
na kutu imeingia mpaka kwenye namba.
Wakaja vijana wawili, makoti meupe,
na jiwe la shaba la kilo moja.
Wakaliweka. Wakatazamana.
Kabla chai yangu haijapoa
nilikuwa nimeshaonekana na hatia,
nimeshalipa,
nimeshapewa risiti yenye mhuri unaosomeka.

Sibishi.
Gramu arobaini ni mboga ya mtoto wa mtu.
Nilimtafuta hata mama Bugumba wa Igogo,
niliyempimia Jumatatu,
nikamwongezea makonzi mawili.
Akacheka: "Nkwimba, ungekuwa serikali wewe
tungenenepa."

Lakini bati.
Naomba niulize habari za bati.
Bati mia mbili na kumi za kuezekea banda letu,
zilizonunuliwa, zikapokelewa, zikasainiwa,
zikaezekwa vizuri kabisa
kwenye karatasi.
Huko kwenye karatasi hatunyeshewi.
Huku, mvua ikitoka upande wa Ukerewe
tunakimbizana na maturubai,
na dagaa aliyelowa leo
kesho ni chakula cha kuku,
kwa bei ya kuku,
na shule haipokei ada ya bei ya kuku.

Mimi ni shahidi namba nne.
Barua ya wito nimeikunja ndani ya kadi ya kliniki ya mwanangu,
maana hiyo ndiyo karatasi pekee nyumbani isiyopotea.
Mara ya kwanza hakimu yuko semina.
Mara ya pili jalada liko njiani,
linatoka ghorofa ya juu.
Mara ya tatu mshitakiwa anaumwa mgongo;
Jumamosi yake nikamwona Capripoint, harusini,
mgongo umepona kwa ngoma.
Halafu upelelezi haujakamilika.
Upelelezi haujakamilika.
Wanalisema kwa sauti ya mtu
anayetangaza kwamba feri imechelewa.
Na mimi kila mara nimefunga meza,
nimevaa kitenge changu cha heshima,
nimekaa kwenye benchi lile lenye msumari.
Naufahamu msumari ule
kuliko ninavyomfahamu diwani wangu.

Dotto fundi baiskeli ananiambia niache.
"Mwenye nguvu mpishe."
Nimempisha, Dotto.
Nimepisha mpaka mgongo umegusa mawe ya Bugarika.
Nyuma yangu sasa ni mwamba.

Na uchaguzi unanukia.
Fulana ya safari ile bado ninayo,
uso wake umefifia kifuani, naifutia mizani.
Nafuta kwa upole, lakini.
Nilimpigia kura.
Nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni,
na wino ulipokaa kidoleni siku nne
nilikuwa nikipepeta dagaa nainua mkono juu kidogo
ili watu waone.
Kwa hiyo hasira yangu si ya mpita njia.
Ni hasira ya mwenye mali.

Sitaki aoze gerezani.
Nataka aletwe hapa, siku ya soko,
asimame mbele ya meza yangu na vitabu vyake,
waje vijana wale wale,
waweke jiwe lile lile la shaba,
tusome wote kwa sauti.
Na chai iwe bado ya moto.

Tarehe kumi na saba wameniita tena.
Nitakwenda.
Mizani mpya nimekopa, ina stika ya ukaguzi;
Malimi atabaki nayo.
Malimi, ukiona wingu usiningoje,
anza kufunika magunia ya upande wa ziwa.
Na ukipima,
uache mshale utulie kwanza
ndipo utaje bei.